Saluni iliyomkatalia binti wa kaka yangu

Nimeshakaa kwenye viti vya saluni hii mara nne. Sikutaka kuandika baada ya mara moja tu, maana saluni yoyote hupendeza siku ambayo haina watu. Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa, kesho yake kuna sendofu mbili mtaani, ngazi zimejaa watu. Na siku hiyo ndiyo walinishinda moyo.

Iko Kijenge, Arusha, upande wa kwenda Njiro, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya umeme. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitasema imeenda wapi.

Nilikwenda na binti wa kaka yangu. Ana miaka 17, mahafali yake ya kidato cha nne yanakaribia. Njiani kwenye daladala aliniambia, "Shangazi, nataka wanitakatishe uso kabisa, hata sindano kama wanachoma. Wenzangu wamechoma." Sikumjibu. Nilitaka nisikie saluni itasema nini.

Mwenye saluni alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Una miaka mingapi, mdogo wangu?" Alipojibiwa akasema, "Uso tutakuosha vizuri, tutoe na vichunusi. Kung'arisha hatufanyi. Mkorogo hapa hauingii, na sindano ni kazi ya hospitali, mimi ni msusi." Kisha akanigeukia mimi: "Dada, samahani, hata ungelipa mara mbili."

Nilimshika mkono. Nitaeleza kwa nini.

Kati ya 2013 na 2018 niliishi Cardiff, Wales, na kazi iliyonilipia kodi ya nyumba ilikuwa kwenye duka la vitanda vya miale. Ni kitanda chenye mirija ya taa chini na juu. Mteja analala katikati, anafunikiwa kama mkate kwenye oveni, ngozi inageuka hudhurungi. Wateja wengi walikuwa wasichana weupe waliotaka rangi kabla ya sherehe. Na wengi waliokuja kuomba walikuwa watoto. Sheria ya Uingereza ya 2010 kuhusu vitanda hivyo inakataza kumlaza mtu wa chini ya miaka 18, na ilipotungwa iliweka faini ya hadi pauni 20,000. Wales wakaongeza masharti yao mwaka 2011: lazima awepo mhudumu, duka la mashine za kutumbukiza sarafu bila mtu haliruhusiwi, lazima mteja apewe miwani ya kukinga macho, lazima tangazo la madhara libandikwe mahali anapolisoma kabla ya kulipa. Halmashauri zilikuwa zinaweza kumtuma kijana wa chini ya umri ajaribu kununua dakika, kuona tutafanya nini. Kwa hiyo nilijifunza kuomba kitambulisho hata kwa mtu aliyevaa viatu virefu na kujipaka wanja.

Niliwakataa wengi. Walinitukana, mmoja alilia. Meneja aliyenifundisha alikuwa ananiambia kope za macho ni nyembamba mno, kufumba hakutoshi. Mirija ikibadilishwa kuwa mipya dakika zipunguzwe, kwa sababu mipya ina nguvu zaidi. Na mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni asilale kabisa, yule haivi, anaungua. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliviweka vitanda hivyo kundi moja na tumbaku, vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Brazili ilivipiga marufuku mwaka huohuo. Kiwango cha juu cha nguvu kinachokubalika kwa kitanda kimoja Ulaya ni sawa na kipimo cha ukali wa miale ya jua (UV index) cha 12, na jua la saa saba mchana hapa Arusha hufika hapo na kupita kwenye miezi ya jua kali. Kule watu walilipia kulala chini ya kitu ambacho sisi tunakikwepa kwa kanga na mwavuli.

Sasa mtoto wetu naye anataka kinyume chake, na yuko tayari kulipia. Ngozi ni ileile. Nilipomwona mwenye saluni akimkatalia mtu mwenye hela mkononi, nilijiona mimi pale kaunta ya Cardiff.

Haya, saluni yenyewe.

Ukutani karibu na kaunta wametundika leseni ya biashara ya Jiji, usajili wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), na cheti cha Zimamoto cha mwaka huu. Mtu atasema karatasi ni karatasi. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda peke yake. Msichana anayeshinda siku nzima kwenye vumbi la kucha bandia naye yuko kazini. Hapa wasichana wa kucha wanavaa barakoa, na dirisha lililo nyuma yao linafunguka kweli. Nimeingia saluni kadhaa mjini ambako dirisha limezibwa na bango.

Kabati la vipodozi liko wazi, unaruhusiwa kugeuza kopo ukasoma. Nilisoma. Sikukuta kopo lisilo na maelezo wala lenye haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi ambayo pamoja na zebaki imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umehamia TBS (Shirika la Viwango) kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na mwenye saluni ana daftari la ununuzi: kopo gani, duka gani, tarehe gani. Aliniambia bila kuulizwa kwamba akishauriwa krimu mpya na mchuuzi anayepita na begi, hainunui. Zebaki inaingia kwa ngozi na inaharibu figo, na mama anayenyonyesha anaweza kumfikishia mtoto. Nasisitiza hili kwa sababu krimu za aina hiyo zinauzwa kwenye vibanda kama pipi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni vifaa. Saluni nyingi zina kile kisanduku chenye taa ya bluu, mteja anaonyeshwa mkasi ndani yake na kuamini vijidudu vimekufa. Taa ile inafanya kazi pale tu mwanga unapogusa. Upande wa chini wa mkasi na ndani ya bawaba haufiki. Hapa kisanduku kipo, ila ni cha kuhifadhia tu. Vifaa vya chuma vinasuguliwa kwa brashi na sabuni, vinafungwa kwenye pakiti za karatasi, vinaingia mashine ya mvuke kama zile za zahanati, nyuzi 121. Pakiti inafunguliwa mbele yako. Wembe ni mpya na ukishatumika unaingia kopo gumu lenye mfuniko. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, na kikata kucha kilichomchubua mteja wa Jumatatu kinakusubiri wewe Alhamisi.

Nyota ya tano sasa. Mtungi wa kuzimia moto upo na umekaguliwa, lakini uko nyuma ya stendi ya kuanikia mataulo. Asetoni imewekwa meza moja na draya ya mkono. Hivyo viwili havikai pamoja, na moto ukiwaka hakuna atakayekumbuka kusogeza mataulo kwanza. Nilisema mara ya tatu; mara ya nne asetoni ilikuwa imehamishwa, stendi ilikuwa palepale.

Pia ile taa ya kukaushia jeli ya kucha inatoa miale ya UVA, aina mojawapo ya miale ya jua, ndugu ya ile ya vitanda vyangu vya Cardiff, ingawa kwa kiasi kidogo sana na kwa sekunde 60. Hawakunipa kitu cha kukinga mikono. Nilimwomba dada wa kucha anitafutie glovu zilizokatwa vidole, akacheka kidogo halafu akakata pea moja kwa mkasi. Safari iliyofuata nilizikuta kwenye droo yake, pea tatu.

Bei: jeli 25,000, pedikya 20,000, kuosha uso 30,000. Si rahisi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unapewa bila kuomba. Maegesho hakuna, na ukija na mtoto mdogo ngazi hazina kishikio upande wa kushoto.

Binti aliondoka akiwa amenuna, uso umetakata kwa kuoshwa tu. Jioni nilimkuta anajitazama kwenye kioo cha kabati langu, hakusema neno. Jana amenipigia mwenyewe kuuliza kama nimeshaweka nafasi ya mahafali. Nimeweka: Jumamosi, saa mbili asubuhi, kwa sababu ikifika saa nne foleni inashuka mpaka duka la umeme.