Miezi 14 na vipuri sanifu vya dai: uzoefu wa fundi wa bawaba

Simu ikilia saa nne usiku, mke wangu alikuwa anajua kabla sijaipokea: panchi imekatika. Kwa miaka 11 hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Natengeneza dai, yaani vyombo vya chuma vinavyofungwa kwenye presi kutoboa na kukata bati, za kukatia bawaba na vishikizo vya vitanda, hapa Vingunguti, kwenye presi ya tani 40 ambayo ni mkubwa wangu kwa umri. Panchi, kile kijiti kigumu kinachotoboa bati, niliikereza mwenyewe, nikaichoma hadi iwe nyekundu, nikaizimisha kwenye mafuta, kisha nikairudishia moto mdogo isije ikawa kavu kama kioo. Nyingine zilitoka zimepinda. Hapo unaanza upya, na presi imelala, na bosi anapita pita akiangalia saa.

Mwaka jana tulikubaliana tujaribu njia nyingine: dai mpya ya bawaba za inchi 3 na inchi 4, iliyojengwa kwa vipuri vya kununua. Nguzo za kuongozea, bushi zake, panchi, vishikio vya panchi, springi, vyote kutoka kwenye katalogi kwa vipimo vilivyokwisha kupangwa. Nilianza na zile za Ulaya, kina Fibro wa Ujerumani na Meusburger wa Austria, kwa sababu michoro yao unaipakua bure na kuiweka moja kwa moja kwenye mchoro wako. Nilipinga kidogo mwanzoni, nakiri. Niliona kama naambiwa nikanunue ugali mgahawani wakati unga upo nyumbani.

Kilichonigeuza ni kigololi. Kwenye kishikio cha panchi za aina hii kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, nayo inakaa kwenye kibonyeo kilichochongwa ubavuni mwa panchi. Panchi ikikatika hufungui dai. Unaingiza kijiti chembamba cha chuma kwenye tundu lake, unairudisha gololi nyuma, kipande kinachomoka. Unasukuma kipya mpaka usikie "tak". Mara ya kwanza kijana wa zamu alibadilisha usiku bila kunipigia. Asubuhi nilikuta panchi mbovu juu ya meza yangu na bawaba zimejaa kwenye ndoo. Nilifurahi, halafu nikajisikia kama mtu asiyehitajika. Furaha ilishinda.

Jambo la pili ni uwazi kati ya dume, yaani panchi, na jike, yaani tundu inamoingia panchi, maana hapo ndipo dai inapokufa au kuishi. Bati letu ni la milimita 1.5, na kwa chuma laini naacha takriban 6% ya unene kila upande, yaani 0.09. Tundu la skrubu ni 5.2, basi jike linakuwa 5.38. Zamani ile 0.09 niliitafuta kwa tupa, jicho na dua. Sasa naagiza jike la 5.38, linafika likiwa 5.38, nalipima kwa mikromita kwa mazoea tu. Kingo za matundu zimekuwa safi kiasi kwamba yule mama anayepaka rangi bawaba aliuliza kama tumebadilisha bati.

Nguzo za kuongozea nazo zina ujanja nilioupenda. Mbili hazilingani kipenyo: moja milimita 24, nyingine 25. Ukitaka kufunga bamba la juu kinyume, halikubali. Yeyote aliyewahi kusikia mlio wa dume likigonga ukingo wa jike kwa nguvu ya presi, kwa sababu mtu alifunga nusu ya juu nyuma mbele, anajua kwa nini milimita moja inaweza kunifanya nitabasamu peke yangu.

Sasa machungu.

Springi zinazosukuma bamba la kuvulia bati kwenye panchi zinatambulikana kwa rangi. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 10243, kijani ni nyepesi, buluu ya kati, nyekundu ngumu, njano ngumu zaidi. Dai yangu ilikuwa na kijani. Zilipochoka nikaenda kwa muuzaji mwingine, bei nafuu, nikaomba kijani, urefu na kipenyo vilevile. Nikapewa kijani. Nikafunga. Siku ya tatu springi moja ikapasuka na kipande kikaruka kikagonga ukuta nyuma ya mwendesha presi. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyecheka.

Niliyemlaumu kwanza ni muuzaji. Baadaye nikakaa na katalogi mbili mezani, nikaona kosa ni langu. Zile alizoniuzia zilifuata mpangilio wa Kijapani, na huko kijani ni springi ngumu. Iliyo nyepesi kabisa kwao ni njano, ambayo kwa ISO ndiyo ngumu kuliko zote. Kwenye rangi zinazotumika sana Marekani, kijani kinapanda zaidi, ndiyo ngumu kupita zote. Springi ngumu haikubali kubanwa mbali. Yangu ya urefu wa milimita 38 nilikuwa naibana 12, kama 32%. Ile nyepesi inavumilia hadi karibu 40%, lakini hii niliyoifunga ilitaka takriban nusu ya hapo. Ilikuwa inapigwa kupita uwezo wake kila pigo, mchana kutwa.

Kwa hiyo ukinisikiliza jambo moja tu, lisikilize hili: usiagize springi kwa rangi. Taja kiwango, namba, na idadi ya milimita utakazoibana. Vilevile vichwa vya panchi. Kuna zenye kichwa cha mshazari wa nyuzi 60 na kuna za kichwa bapa cha duara. Shina linaweza kulingana kabisa, lakini kichwa hakikai kwenye kitako cha mwenzake. Ninazo sita za namna hiyo, mpya, hazina kazi.

Mabamba usinunue. Nilinunua seti moja ya mabamba yaliyokwisha kusagwa, na gharama ya ndege ikanikumbusha kwamba chuma ni kizito. Bamba la kawaida la hapa mjini, likisagwa vizuri pande mbili, linatosha. Nalipeleka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga, jioni nalipata.

Na sehemu ya kukunja bawaba, pale ambapo bati linazungushwa kupokea pini, katalogi haikusaidii. Bati ukilikunja linarudi nyuma kidogo, na kiasi cha kurudi kinabadilika kila mzigo mpya unapoingia. Hakuna kiwanda kinachojua bati lako la wiki hii. Hicho kipande nakichonga mwenyewe, najaribu, nakisugua, najaribu tena. Tofauti ni kwamba sasa kinakaa kwenye mfuko wake, yaani nafasi yake iliyochongwa ndani ya dai, na kuhama kutoka inchi 3 kwenda inchi 4 ni kubadilisha vipande vitano badala ya kushusha dai nzima. Zamani kazi hiyo ilikula asubuhi yote. Juzi tulimaliza kabla ya chai.

Kuhusu fedha, dai ya kwanza ilitugharimu zaidi ya zile nilizotengeneza peke yangu, na bosi alinuna. Ya pili ilitumia nguzo na vishikio vilevile kwa namba, hivyo akiba yetu ya vipuri inahudumia zote mbili. Akiba ni lazima, maana mzigo kutoka nje unachukua wiki kadhaa na ushuru wake. Naweka panchi tatu tatu za kila kipimo kwenye makopo ya maziwa, namba ya katalogi imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni.

Zile springi za kijani zilizobaki sijazitupa. Zipo kopo la mwisho kabisa, limeandikwa KIJANI CHA UONGO. Kuna dai ya vishikizo vya vitanda, bati la milimita 3, inayobana milimita 6 tu. Jumatatu nitazijaribu hapo.