Mashine ya Kunyolea ya Mwaka 1959: Je, Imewahi Kupitwa?

Habari zenu, watazamaji. Hii niliyoishika mbele ya kamera ni mashine ya kunyolea ndevu ya Gillette, ile ambayo wakusanyaji waliibandika jina la Fatboy kwa sababu ya unene wa shingo yake. Chini ya kichwa imepigwa chapa ya herufi E na tarakimu 2, maana yake ilitoka kiwandani katika robo ya pili ya mwaka 1959. Asubuhi ya leo nimeinyolea, na swali la leo ni kama katika miaka yote iliyofuata kuna aliyetengeneza iliyo bora kuliko hii.

Tuanze na kazi yenyewe. Wembe wa makali mawili ni bati jembamba lenye unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiushika mkononi unapinda kama karatasi, na ukiugusisha ndevu ukiwa hivyo utatetemeka na kukukwaruza. Hataza aliyopewa King Gillette, mwasisi wa kampuni ya Gillette, mwezi Novemba 1904 ilitatua jambo hilo kwa kuubana wembe kati ya kifuniko kilichobinuka na bamba la chini, ukapinda kidogo, na kule kupinda ndiko kunakoupa ugumu. Mashine za kabla yake, kama ile ya ndugu wa familia ya Kampfe ya mwaka 1880, zilitumia wembe mnene uliopaswa kunolewa kila mara. Umbo hilo la kuubana na kuupinda wembe, nawaambia wazi, bado halijapata mbadala.

Fatboy iliongeza mambo mawili juu yake. Ukizungusha kitasa cha chini ya mpini, kichwa kinafunguka kama milango miwili, unatumbukiza wembe, unafunga. Hakuna kipande kitakachodondokea kwenye sinki. Halafu kuna pete hii yenye namba 1 hadi 9. Ukiizungusha, bamba la chini linashuka na pengo kati yake na makali linapanuka, hivyo namba kubwa hunyoa kwa ukali zaidi. Mimi nanyoa shingo kwa namba 3, na mashavu yaliyokaa siku nne bila kunyolewa kwa namba 6, bila kubadilisha mashine. Kasoro ipo: vipande vinavyosogea ni vingi, na masalia ya sabuni hujificha ndani mahali ambapo brashi haifiki.

Mshindani wake ninayemheshimu ni huyu, Henson AL13, wa aluminiamu, kutoka Kanada, aliyebuniwa na watu waliozoea kuchonga vipuri vya vyombo vya anga. Hapa wembe umebanwa karibu sana na makali, kiasi kwamba hautetemeki hata kidogo, na umbo la kichwa lenyewe linakuonyesha pembe ya kushikia. Kwa anayeanza, huo ni ubora wa kweli, na sitaki kuuficha. Lakini mashine hii haina namba za kuchagua. Ndevu zikiwa ndefu, pengo lake jembamba hujaa povu na nywele, nami hulazimika kuisuuza kila baada ya mikupuo miwili.

Na zile za nyembe mbili, tatu, tano? Trac II ilikuja mwaka 1971, Mach3 mwaka 1998, Fusion mwaka 2006. Kichwa chake kinachochezacheza kinamfaa mwenye haraka, hilo nakubali. Ila wembe wa kwanza huuvuta unywele na unaofuata huukata kabla haujarudi, hivyo ncha hubaki chini ya ngozi, na sisi wenye nywele zilizojikunja tunajua kinachofuata: unywele unaota ukielekea ndani, na shingo inajaa vipele.

Maendeleo makubwa, kwa maoni yangu, hayakutokea kwenye mashine bali kwenye wembe. Fatboy hii ilitengenezwa wakati nyembe zilikuwa za chuma kinachoshika kutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza ilileta wembe wa chuma kisichoshika kutu, na katika miaka hiyohiyo makali yakaanza kupakwa utando unaoyafanya yateleze. Vipimo vya wembe havikubadilika. Kwa hiyo wembe ninaonunua duka la mtaani, uleule ambao fundi cherehani hufumulia mshono, unaingia humu bila shida, na mashine hii inanyoa vizuri leo kuliko ilivyonyoa siku iliponunuliwa ikiwa mpya.

Hukumu yangu: Henson kwa anayeanza, Fatboy kwa aliyekwisha kuuzoea mkono wake. Mkiitafuta ya mtumba, mwombeni muuzaji picha ya kichwa kikiwa kimefungwa, iliyopigwa kutoka mbele. Ya kwanza niliyonunua mtandaoni ilikuwa na mlango mmoja uliopanda kuliko mwenzake, upande mmoja ukanyoa vizuri na wa pili ukanitoa damu. Mwombeni pia azungushe pete kutoka 1 hadi 9 kwenye video fupi. Ikikwama njiani, msilipe.