Sato mzuri, ila chunga meza ya dirishani

Kibanda hiki cha mabati kipo jirani na kivuko cha Kamanga, hapa hapa mjini Mwanza. Nimekula hapo Ijumaa tatu mfululizo. Sato wa kuchoma analetwa mzima, ngozi imekauka, nyama bado ina maji yake, na kachumbari wanakata ukiona. Ugali wa muhogo kwangu umezidi ulaini, ila mimi nimelelewa kwa dona, msinisikilize sana.

Ukitaka utulivu, usikae dirishani. Mchana pale ni pa watafiti wa samaki, na chakula chao hupoa wakibishana. Juzi walirudi kwenye Sheria ya Takwimu: marekebisho ya 2018 yaliyotaka mtu aombe kibali kabla ya kuchapisha takwimu zake, na ya 2019 yaliyolegeza kamba. "Sheria imelegea, woga bado," alisema mzee mmoja huku akichokonoa jicho la samaki. Kijana akadakia: "Mzee, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Sisi petroli ya boti tunaomba kwa wafadhili, halafu maswali wanatupangia wao." Mimi muuza kayabo, yaani sangara wa chumvi aliyekaushwa, nikatega sikio. Wasipohesabu sangara, nitajuaje kama mwakani nina biashara?

Dada anayehudumia haandiki kitu na hakosei oda. Maji ya kunawa ya uvuguvugu, sabuni ipo. Chenji ndiyo kasheshe, nendeni na noti ndogo.