Mikunjo ya umri na mikunjo ya jua
Tazama ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kwapa. Hiyo huzeeka kwa umri tu: kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hupungua polepole, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, mikunjo yake ni myembamba.

Ya usoni ni habari nyingine. Miale ya jua iitwayo UVA hupenya hadi tabaka la ndani na kuamsha vimeng'enya vinavyokata kolajeni, huku elastini, protini inayoifanya ngozi ivutike na kurudi, ikivurugika na kurundikana. Hapo ndipo huja mikunjo yenye kina na madoa. Ningeshughulika na jua kwanza. Umri hauvishwi kofia.

Na kioo cha dirisha kisikudanganye: UVA hukipenya. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walieleza habari za dereva aliyeendesha gari la mizigo miaka 28: shavu la kushoto, lililokaa dirishani, lilikunjamana kuliko la kulia.