Uzoefu wangu: utabiri wa masika wa miezi mitatu, na programu ya siku 45 niliyoifuta

Kwa misimu minne nimetumia vitu viwili: utabiri wa Machi hadi Mei unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kabla masika hayajaanza, na programu ya simu ya kulipia inayoonyesha mvua ya kila siku hadi siku 45 mbele. Wa kwanza bado nautumia. Ya pili nimeifuta.

Ile programu ukiifungua Jumatatu inakwambia tarehe 12 Mei kuna milimita 18. Alhamisi tarehe ileile ni kavu. Simu haina kosa. Mvua ya siku fulani haitabiriki kwa uhakika ikipita wiki mbili hivi. Zaidi ya hapo unaonyeshwa tokeo moja la hesabu za kompyuta kati ya mengi, na hesabu zikipigwa upya tokeo nalo linageuka. Kupanga siku ya kumwaga slabu kwa tarehe hiyo ni kamari, tena ya kulipia.

Utabiri wa msimu hauahidi siku, unagawa uwezekano. Chukua jumla ya mvua ya Machi hadi Mei kwa miaka 30, ipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha kata mafungu matatu ya miaka kumi kumi: chini ya kawaida, kawaida, juu ya kawaida. Ukiwa hujui lolote, kila fungu lina asilimia 33. Ukiambiwa 45 juu, 30 kawaida na 25 chini, maana yake katika misimu minne ya namna hiyo, mmoja utakuwa mkavu. Wengi huona rangi ya kijani (juu ya kawaida) kwenye ramani wakaishia hapo, Aprili ikipita bila mvua wanatukana. Mombasa ni rahisi zaidi kufanya kosa hili, kwa kuwa mvua ya mwaka (wazee wa hapa ndivyo waiitavyo masika) hukolea Mei, wakati sehemu nyingi za bara kilele chao ni Aprili.

Na masika ni magumu kutabiri kuliko vuli. Vuli hufuata joto la Bahari ya Hindi na El Niño, mambo yanayobadilika polepole. Masika huyumbishwa na mawimbi ya mvua yazungukayo dunia kila siku 30 hadi 60, na vimbunga vya kusini. Machi 2019 kimbunga Idai kilivuta unyevu kuelekea Msumbiji, mvua za huku zikachelewa. Hakuna utabiri wa Februari ungeweza kukitaja.

Kwa hiyo Februari naamua yale tu yasiyohitaji tarehe: kuzibua mtaro, kusafisha gata, ukubwa wa tangi. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 100 za mraba likipata milimita 50 kwa siku moja ni lita 5,000. Toa humo sehemu ya tano ya kumwagika na kuvuja, zabaki 4,000. Tangi la lita 2,000 litafurika siku moja hata msimu uwe wa kawaida. Mvua ikishaanza nahamia utabiri wa siku saba, nao nausoma pamoja na jedwali la kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Mvua kubwa ikikuta bamvua (siku ambazo bahari hujaa sana) na maji yamejaa, mitaro inayomwaga baharini haina pa kutolea, na barabara hujaa kwa mvua ambayo siku za maji mafu (bahari ikijaa kidogo) zingeistahimili.

Anayetaka kujua kama utabiri ulisadifu kwake asitegemee vipimo vya uwanja wa ndege. Mvua ya pwani huweza kunyesha Likoni ikaruka Nyali. Weka kipima mvua mahali wazi, mbali na ukuta au mnazi mara mbili ya urefu wake. Kisome saa tatu asubuhi kila siku, siku kavu nayo uandike sifuri, maana nafasi tupu huwezi kujua ilikuwa ukame au ulisahau.