TAHADHARI: Jamaa wa "turbo kamili" Dodoma, wenye Altezza na magari ya zamani msimpe hela

Wakuu heshima kwenu. Naandika hapa nikiwa na uchungu kweli na sitaki mwingine aingie nilipoingia mimi, hasa nyie wenye Altezza, Celica, Mark II na magari mengine ya miaka ile mliopo kwenye ule mtihani wa nimfungie turbo huyu mkongwe wangu au niuze nijipige nivute gari jipya. Kuna jamaa hapa Dodoma anawinda watu wa mtihani huo huo na majibu yote mawili anauza yeye, hiyo ndo sehemu niliyochelewa kuiona. Simtaji jina wala siweki namba yake kwa sababu suala lipo polisi, ila anavyofanya kazi nitaeleza yote, ukikutana nae utamjua.

Gari yangu ni Altezza RS200, manyuo gia 6, ninayo tangu 2014 nikiwa Dar, nikahama nayo kuja huku 2017 ofisi yetu ilipohamishiwa makao makuu. Wanaozijua wanaijua injini yake, 3S-GE ile ya Beams yenye mfuniko mweusi, lita 2 bila turbo na bado Toyota waliitoa kiwandani na hosipawa 210. Mimi gari hii naipenda na sioni aibu kusema. Nimeenda nayo Singida kwa mama sijui mara ngapi, mizigo ya mafuta ya alizeti na kuku nyuma, haijawahi kunilaza njiani hata siku moja.

Sasa tangu nihamie Dodoma nilikuwa naona kama imepungua nguvu, na ikifika miaka 20 na kitu mtu unaanza kujiuliza. Nilikuwa natamani Toyota 86, nikaingia kwenye kikokotoo cha TRA nikakuta gari ikizidi miaka 10 unaongezewa asilimia 30 ya uchakavu juu ya ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT 18 na ushuru wa bidhaa, na hizi 86 za mwanzo za 2012 na 2013 zote zimeshavuka hapo, nikafunga simu nikalala. Wiki ileile nikawa nimeuliza kwa watu wawili watatu kuhusu turbo. Hazikupita siku 4 jamaa akanipigia mwenyewe. Sikumpa namba.

Na aisee jamaa anajua kuongea. Hakuanza na bei, alianza na Dodoma. Akaniambia boss wangu gari yako haijachoka, hapa tupo kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ukilinganisha na Dar, turbo ndo inarudisha hiyo hewa. Nikaenda kusoma nikakuta ni kweli kabisa! Hapo ndo aliponishika, maana mtu akikuambia kitu kimoja cha kweli ambacho hukukijua, vile vingine 5 unavimeza bila kutafuna. Akanitumia picha ya boksi la bluu limefunguliwa, turbo inang'aa, intakula ya kupoza hewa ya turbo, mabomba ya silikoni, kila kitu, akasema ni Garrett orijino imetoka Dubai, seti nzima milioni 3.8 na ufundi laki 9, anakufungia hapo hapo nyumbani kwako kwa siku 2 na injini haifunguliwi. Kulinganisha na 86 niliona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Akataka milioni 2.5 kwanza kwa simu. Jina lililotokea kabla sijathibitisha kutuma halikuwa lake, lilikuwa la mwanamke, nikamuuliza akasema ni la dada yake anayemshikia hesabu. Nikatuma. Risiti ya EFD nikaulizia, akasema akitoa risiti itabidi aongeze VAT, nikaona ananisaidia. Jamani. Milioni 2 na laki 2 zilizobaki nikazimalizia siku ya kufunga, kwa namba ileile.

Alikuja na kijana mmoja na spana kwenye begi, gereji hana. Walifunga kweli kwa siku 2 na gari ikawaka, na niseme ukweli, siku ya kwanza nilipoikanyaga barabara ya kwenda Ihumwa ilivuta mpaka nikacheka peke yangu. Nilipouliza kuhusu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, akanionesha kidude kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya mashine ya kupimia chini ya dashibodi, akasema hii ndo chipu, inajifunza yenyewe ndani ya kilomita 200.

Siku ya 11 nikiwa naenda Singida, nimepita Bahi nimepita Kintinku, naanza kupanda Saranda nikasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo. Nikaachia mafuta ukaisha. Nikakanyaga tena ukarudi, halafu ukaja mshindo mmoja, moshi wa bluu nyuma sioni hata lori lililokuwa linanifuata, taa ya oili ikawaka. Injini imenoki pale pale mlimani. Nilikaa kwenye ule mteremko masaa 5 nasubiri brekidauni kutoka Manyoni, mama anapiga simu kila nusu saa.

Gari nilimpelekea mzee mmoja fundi wa siku nyingi upande wa Kizota, huyu simlipi kwa kumsifia, nilimlipa kwa kazi. Alishusha injini akaniita nije nione kwa macho yangu kabla hajasema neno. Pistoni ya 3 imemeguka pale ringi zinapokaa, ya 2 ina tundu limeyeyuka. Halafu akanielezea taratibu kama anamfundisha mwanae, nami nawapa kama alivyonipa, maana jamaa yule anategemea sisi tusijue haya.

Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosi, inavuta hewa na kuisindilia kwenye silinda ili mafuta mengi zaidi yaungue. Hiyo Beams ya manyuo tayari yenyewe inabana hewa mara 11.5, ndo maana ina nguvu bila turbo. Ndugu yake aliyezaliwa na turbo, 3S-GTE ya Celica GT-Four na Caldina GT-T, Toyota wenyewe walimshushia kompresheni mpaka kati ya 8.5 na 9 hivi na wakampa pistoni za kuhimili. Ukichukua injini inayobana 11.5 ukaiongezea busti, yaani hewa ya kusindiliwa na turbo, bila kubadili pistoni, bila injekta kubwa, bila pampu ya mafuta yenye nguvu na bila kontroli boksi kupangwa upya, joto linapanda, petroli inapungua pale inapohitajika zaidi na inajilipukia kabla ya wakati wake. Ule mlio wa kokoto ndo huo. Kupanda mlima umekanyaga moto na jua la Dodoma ni dakika tu. Mzee hakusema haiwezekani kufunga turbo kwenye Beams, alisema inawezekana ila injini ifunguliwe, pistoni zibadilishwe, na kuwe na mtu mwenye kompyuta na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta anayepanga gari ikiwa inatembea. Kwa hiyo mtu akikuambia siku 2 na injini haifunguliwi kwenye injini ya kompresheni kubwa, ameshajitaja.

Tukaifungua ile chipu. Ndani kuna kibao kidogo na taa 3 za kuwaka, basi. Hakuna kinachoongea na gari, ni taa tu za kukuridhisha. Turbo yenyewe ile "Garrett" jina limechapwa kwenye stika, kibati chenye namba za spea na namba ya mfululizo hakipo, na ukishika shafti unaitikisa mapanga yanakwaruza ukuta wa kasha lake, alama za mikwaruzo zipo tayari. Mzee akasema turbo nzima shafti inaweza kucheza kidogo sana kushoto kulia ikiwa kavu, ila ikigusa ukuta au ikicheza kwenda mbele na nyuma hiyo imekwisha. Na bomba la kurudisha oili walilipitisha limepanda juu kabla ya kushuka, wakati oili pale inarudi kwa kuserereka tu, haina wa kuisukuma, kwa hiyo ilikuwa inajaa na kuvujia kwenye ekzosi. Yaani hata kama pistoni zingepona turbo isingefika mbali.

Sasa sikieni sehemu ya pili, ndo iliyonifanya niandike.

Siku 3 baada ya gari kufa, jamaa wa kwanza simu hapatikani, akanipigia mtu mwingine sauti tofauti, mpole sana, ananiita kaka. Nimesikia una Altezza imekufa injini, mimi nanunua hivyo hivyo milioni 1.5, halafu kaka usihangaike na haya magari ya zamani, nina Toyota 86 ipo bandarini, mwenyewe ameshindwa ushuru, nipe Altezza yako na milioni 6 ya kuikomboa, iliyobaki utalipa kwa awamu ukiwa unaiendesha. Nakiri wakuu, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaa nayo usiku mzima. Mke wangu ndo aliniambia kwanza muulize amejuaje gari imekufa, maana hatujamwambia mtu zaidi ya fundi na mama.

Nikamwomba namba ya chasisi. Akatuma picha za 86 nyekundu nzuri sana na namba inayoanzia NCP60. Mwenye gari Tanzania nani asiyejua NCP60? Hiyo ni IST. Toyota 86 chasisi inaanzia ZN6. Nikajifanya sijaona, nikasema nitumie namba ya kulipia. Akatuma namba tofauti na ile ya kwanza, nikaingiza kiasi kidogo ili nione jina tu kabla ya kuthibitisha, likatokea jina lile lile la "dada". Mikono ilinitetemeka. Kumbe ni watu walewale, anakuuzia turbo ya kuua injini, gari ikifa anakuja na uso mwingine kukununulia kwa bei ya skrepa na kukupiga hela ya gari jipya ambalo halipo. Uwe wa turbo uwe wa gari jipya, wote mnaangukia kwenye mfuko mmoja.

Nimefungua RB, yaani taarifa ya polisi, nimepeleka miamala yote, meseji, picha, na ile turbo mzee ameifunga kwenye kiroba kama kielelezo. Namba zote mbili nimezituma 15040 kwa TCRA. Na kama ulimpa jamaa nakala ya kitambulisho chako kwa ajili ya "usajili wa waranti" kama alivyotaka kwangu, piga *106# leo uangalie kama hakuna laini imesajiliwa kwa NIDA yako usiyoijua.

Mtaniuliza sasa nimeamua nini kuhusu gari. Nimeamua kutafuta injini ileile ya Beams, sio turbo, niirudishe ilivyokuwa. Nimepiga hesabu kwa utulivu safari hii na nimeona kwa mtu wa mshahara kama mimi, kufunga turbo kwa njia sahihi kwenye gari hii, pistoni, klachi, breki za kuhimili, mpangaji wa kompyuta, unafika bei ya kununua gari iliyotoka kiwandani na turbo yake, mfano Caldina GT-T au Subaru, ambayo kila kitu kuanzia pistoni mpaka njia za oili kilitengenezwa kikijua turbo ipo. Anayetaka kasi naona aende huko. Anayeipenda gari yake ya zamani aihudumie, abadilishe plagi, asafishe chujio la hewa mara kwa mara maana vumbi letu mnalijua, apime kompresheni ya silinda zote 4 kabla hajaamini kuwa imechoka. Yangu mzee alisema kwa kuangalia silinda 2 zilizopona, ilikuwa bado nzima kabisa, sehemu kubwa ya niliyodhani ni uchovu ilikuwa ni hii hewa ya mwinuko wetu. Hiyo inaniuma kuliko zile milioni 4.7.

Na kwa atakayebadili injini, kumbuka kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, dai karatasi za injini unayonunua na uende TRA kurekebisha, usije ukasimamishwa Kibaigwa huko ukaanza kujieleza.

Nimeshapata watu wawili mpaka sasa waliotumiwa picha ileile ya boksi la bluu, mpaka mkwaruzo kwenye kona ya boksi ni uleule, mmoja ana Celica na mwingine Mark II, na yule wa Mark II ameshatoa malipo ya kwanza na anasubiri kufungiwa wiki hii. Kama na wewe umetumiwa picha hiyo, usifute meseji hata moja, nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe ufungue RB yako, zikiwa nyingi hawatasema ni ugomvi wa fundi na mteja. Na kama kuna salio hujamlipa, usimlipe.