Uzoefu wangu: Lodi aliyenuna kwa kuombwa saini

Nilisema sitaandika nikiwa na hasira, nikangoja. Hasira imegoma kutoka, basi naandika nayo.

Kitabu nimekiazima kwa mama mmoja hapa Moshi mjini anayekodisha riwaya, shilingi mia tano kwa wiki. Vitabu vyake vingi vimetoka kwenye mitumba ya Kiboriloni. Hiki hakina jalada na kurasa za mwanzo zimenyofoka, kwa hiyo msiniulize jina. Ni cha Kiingereza, hadithi ya mapenzi ya Uingereza ya mwaka 1816, na waliokisoma kabla yangu wameandika pembeni mwa kurasa mpaka unajikuta unasoma vitabu viwili kwa mpigo. Mmoja kaandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu ndiye." Mwingine kwa penseli: "Mungu nipe wangu." Sisi tunaokisoma sasa ni wanawake watano, tunakutana kwangu Majengo, chumba cha cherehani, Jumapili baada ya ibada. Steringi tunamwita Lodi. Mwanamke tunamwita Mjane.

Nianze na kilichoniudhi, mengine yatafuata.

Mjane ameachiwa na marehemu mumewe nyumba na shamba la matufaha, na ana binti wa miaka sita. Lodi anamtaka. Anamtaka kweli, hilo sibishi. Mjane naye keshalegea. Lakini kabla hajasema ndiyo, anamwita wakili, wanaandika hati: nyumba, shamba na mapato yake yawekwe mikononi mwa wadhamini, yabaki kuwa yake na ya binti yake hata akiolewa. Basi. Hakuomba ng'ombe wa Lodi wala kasri lake. Ameomba abaki na chake.

Wenzangu walisema ni tamaa. Jamani, sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwaje? Mwanamke akishaolewa, fedha zake, mifugo yake, hadi sufuria zake ni mali ya mume. Ardhi yake mume ndiye anayeisimamia na kula mapato yake. Mjane alikuwa akiuza matufaha yake na kusaini mwenyewe, na siku anavaa pete ya pili saini yake inakufa. Sheria za kurekebisha hayo zilikuja 1870 na 1882, na Mjane wetu angekuwa keshazikwa. Wala usiseme angeachika kama mambo yangeharibika, kwa sababu mpaka 1857 ukitaka ndoa ivunjwe kabisa, uwe huru kuolewa tena, Bunge lilipaswa kupitisha sheria kwa ajili yako peke yako, jambo la matajiri na karibu wote wanaume. Hati ile ndiyo kinga pekee aliyokuwa nayo. Na familia zenye mali zilikuwa zikiandikishana hati hizo bila mtu kuona ajabu. Dada yake Lodi mwenyewe ameolewa kwa hati ya namna hiyohiyo, imetajwa sura ya tatu, na Lodi ndiye aliyeisimamia! Kwa dada yake ilikuwa busara. Kwa Mjane imekuwa tusi.

Lodi anaisoma hati, anaiweka mezani, anageukia dirisha. Nikitafsiri maneno yake kwa Kiswahili chetu: "Kwani mimi na wewe tuna mbili?" Halafu anaondoka. Ananuna wiki tatu. Mvua inanyesha wiki zote tatu. Mvua hiyo mwandishi hakuibuni: mlima Tambora ulilipuka huko Indonesia mwaka 1815, na mwaka uliofuata sehemu kubwa ya Ulaya ikakosa kiangazi, mazao yakaoza shambani. Mwalimu wetu mstaafu ndiye aliyetueleza, na siku hiyo nilimpenda. Kwa hiyo Mjane hana mavuno, ana mtoto, ana baridi, na mwanaume aliyekuwa akimletea unga amenuna. Mwishowe anapanda farasi usiku, anafika kwa Lodi ameloa chapachapa, anaitoa ile hati kifuani, anaichana mbele yake vipande vinne, anavitupa motoni. Lodi anamkumbatia. Pembeni mwa ukurasa kuna moyo mkubwa wa kalamu nyekundu.

Nilifunga kitabu nikaenda kusimama nje.

Jumapili yake tukakijadili. Mdogo wetu anayesomea uuguzi alisema Mjane ndiye mkosaji, umuiteje wakili kwenye mapenzi. Dada anayeuza ndizi Mbuyuni alisema mwanaume asiyeumia hapendi, na kununa kwa Lodi ndiko kulikomwonyesha kuwa moyo upo. Wa nne alitikisa kichwa tu. Nikasema mimi naona Lodi alikosa adabu, na kwamba mwanaume mwenye nia njema angechukua kalamu akasaini, wakaendelea kunywa chai.

Hapo Mwalimu akanijibu. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, nampimia pindo la gauni lake, nimepiga magoti na pini nne mdomoni. Akasema kutokea juu: "Mdogo wangu, shida yako wewe hutaki kuolewa na mtu. Unataka kuolewa na hati." Wakacheka wote. Mimi sijaolewa, umri umekwenda, na kila aliyekuwa mle ndani anajua. Sikuweza kujibu kwa sababu ya zile pini. Nikaendelea kuzichomeka moja moja kwenye pindo mpaka zikaisha, na zilipoisha mazungumzo yalikuwa yamehamia kwenye bei ya vitunguu.

Mwalimu, kama unasoma hapa, shikamoo. Nakuheshimu. Lakini jibu langu la siku ile ni hili.

Nimelelewa na shangazi yangu kule Uru. Aliuza ndizi miaka na miaka, akaweka kidogo kidogo, akanunua shamba la mahindi tambarare, eka mbili. Siku ya kuandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi, karatasi ikaandikwa jina la mume wake. Shangazi alikuwa ameuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, kama jina lake nalo lisingewekwa. Mume akamjibu: "Kwani mimi na wewe tuna mbili?" Maneno yaleyale. Nilipoyakuta mdomoni mwa mzungu wa mwaka 1816 nywele zilinisimama.

Na yule baba hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumpiga, hakuwahi kulewa akalala nje, shangazi akiugua alikuwa anampikia mtori mwenyewe. Alisema vile kwa mapenzi. Akafa. Matanga hayajapoa vizuri, ndugu zake wakaja na ile karatasi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kuwa na mali yake kwa jina lake, na sheria za ardhi za 1999 zimempa mwanamke haki sawa na mwanaume, lakini shangazi angeanza kudai kwa lipi wakati jina kwenye karatasi si lake? Walishuka hadi shambani wakang'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka. Nilikuwa darasa la tano, nimeshika kanga yake kwa nyuma. Kwetu Uchagani isale ni mpaka, na isale hilohilo ndilo unalompelekea uliyemkosea unapomwomba msamaha, naye hawezi kukukatalia. Hawakuomba msamaha kwa mtu. Shangazi aliinama akaokota isale moja likiwa na udongo kwenye mizizi, akalibeba begani hadi nyumbani, akalipanda nyuma ya jiko. Lipo mpaka leo, limekuwa refu kunishinda.

Kwa hiyo mtu asiniambie Lodi aliumia. Mume wa shangazi naye angeumia. Mwanamke ndiye anayekuja kulipa gharama ya mwanaume kutoumia, na analipa wakati huyo mwanaume hayupo tena kuona bili.

Mpaka hapo mnadhani nitasema kitabu mkitupe. Na juzi ndivyo nilivyokuwa nimeandika, nyota moja. Nimefuta.

Nimefuta kwa sababu ya kifungo. Sura ya tisa, yaya anaumwa, binti wa Mjane anataka kutoka na koti lake halina kifungo cha juu. Lodi anakaa chini, kwenye kapeti, karibu na moto, anaomba sindano. Anajichoma. Mtoto anamcheka. Anaanza upya, na safari hii, imeandikwa wazi kabisa, anaacha uzi ulegee kidogo chini ya kifungo, kisha anauzungusha mara tatu nne kutengeneza shina kabla ya kufunga fundo, ili kifungo kisibanwe na kitambaa kizito. Nipo kwenye kushona miaka zaidi ya ishirini. Nina vijana ninaowafundisha, kila siku nawaambia koti zito kifungo chake lazima kiwe na shina, na kila siku wanakigandamiza chapa. Huyu bwana mwenye watumishi arobaini ameuliza, akafundishwa na mpishi, akafanya. Kwa ajili ya mtoto asiye wake. Nililia pale kwenye cherehani, nikafuta machozi na kipande cha bitana.

Sasa mtu wa kifungo kile ndiye aliyenuna wiki tatu? Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Angekuwa mwovu ningemwacha akaenda zake. Ni mwema, na wema wake umeishia hasa pale wema unapohitaji kuandikwa.

Mjane nilimchukia zaidi, niseme ukweli. Yeye alijua. Alikuwa na wakili, alikuwa na wino, hakudanganywa na mtu. Kwenye kikao nilimwita mjinga. Leo naona nilimtukana bure. Ukiyarudia maelezo ya ile safari ya usiku, vidole vyake vimekufa ganzi hata kamba za farasi hazishiki, na nyumbani ameacha debe moja la shayiri. Mtu akiwa hivyo hachani hati kwa mapenzi peke yake. Mwandishi ametuwekea njaa pale, sisi tukaona busu. Labda mwandishi ni hodari kuliko nilivyompa. Au labda hakujua alichoandika, maana kurasa tatu mbele wanacheza muziki na njaa haitajwi tena. Sijui nimuweke upande gani.

Kuomba msamaha, Lodi anaomba mwishoni, mstari mmoja: alikuwa mpumbavu. Halafu wanabusiana. Hakuna hati nyingine inayoandikwa. Kwetu hata ukigonga mbuzi wa jirani unajua pa kwenda kukata isale.

Na kuna jambo ambalo hakuna mtu kati yetu watano aliyelisema, mimi mwenyewe nikiwemo, mpaka usiku mmoja nikiwa nakata kola. Mtoto. Hati ile ilikuwa ya mtoto. Shamba lile ni jasho la baba yake marehemu. Tangu hati inaungua, yule binti hatamki tena neno hata moja. Nimekagua ukurasa kwa ukurasa. Anaonekana mara moja tu, siku ya harusi, anashika maua, amevaa koti lilelile, na mwandishi anakitaja kile kifungo, kwamba kimeshika vizuri. Mjane akija kumzalia Lodi mtoto wa kiume, kwao yote ni ya mtoto wa kiume wa kwanza, kasri na kila kitu. Kwetu angalau kitinda mimba wa kiume angebaki na nyumba ya wazazi. Yule binti atabaki na kifungo.

Nilichukua penseli ya kuchorea vitambaa, nikaandika chini ya ule moyo mwekundu: "Na mtoto je?" Najua kitabu si changu. Mama mwenye vitabu akitaka nilipe, nitalipa.

Basi nikadirie vipi? Kama uko Moshi na kinakuja mikononi mwako, kisome. Usikisome peke yako, na usimpe msichana anayekaribia kuolewa bila kukaa naye sura ya kumi na nane, ile ya hati motoni. Nyota tatu. Ya nne ninayo mkononi, kifungo kinaiomba na moto ule unaizuia.

Kitabu sasa kiko kwa Mwalimu, alikiomba akisome upya. Jana usiku, karibu saa nne, amenitumia ujumbe: "Mdogo wangu, nimefika pale ulipoandika. Nimerudi nyuma hadi kwenye koti. Sijui nikujibu nini. Gauni nitalifuata Jumamosi."

Pindo nimeshalimaliza.